Kioo cha Kijani Tunachokingoja Mshangano

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu wa utafiti uliyeikata milima ya Lukumburu mpaka ukatufikia. Mkuu wa kituo hiki cha utafiti. Mwenyekiti wa mtaa. Padri na shehe mliokaa benchi moja. Majirani wa Mshangano, na nyinyi mliotoka Lizaboni na Bombambili: wakubwa shikamooni, na wadogo tunapokea zenu hata kabla hamjazitoa.

Tuseme kwanza haya ya mwanga na vioo tuliyapata wapi, maana mtu akisikia bibi anasoma habari za leza anaweza kudhani ameziokota redioni. Tuliambiwa na Hilda, mjukuu wangu mimi ninayesoma, mwaka juzi baada ya kuvuna mahindi, asubuhi ile tulipoleta muhogo wa kwanza kwenye chumba hiki cha mashine tulichokaa nje yake. Yeye ndiye aliyekuwa anaiendesha hadubini ya kituo.

Kamati ya kikundi ilikaa juu ya risala hii, na mwenyekiti wetu, Mama Monika, akaniambia, “Notburga, risala ni ya kikundi. Usije ukamtaja Hilda toka juu mpaka chini.”

Nikauliza, mara ngapi basi?

“Mara moja.”

Nikaomba mbili. Tukabishana, akina mama wakacheka, tukabaki kwenye moja. Basi nimeshamtaja, na hiyo aliyoisema Mama Monika mwenyewe haihesabiwi kwangu. Kuanzia hapa tutasema mtaalamu wetu, na wenyewe mtajua.

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu sana. Chai ipo, karanga zipo, na muhogo wa kuchemsha uko kwenye lile sufuria lililofunikwa kitambaa cha maua. Usiondoke bila kuuonja. Umetoka kwenye mbegu tutakayoieleza mbele, na tungependa uutafune wakati unafikiri.

Mtoto aliye mgongoni kwangu anaitwa Ester. Ni kitukuu changu, na mama yake ni huyo mtaalamu wetu. Kamati ilikubali nije naye kwa sababu akiachwa nyumbani analia mtaa mzima unasikia. Nilipokuwa nafanya mazoezi ya kusoma risala hii nilikuwa naye hapahapa mgongoni, na kila mara usingizi ulimchukua nilipofika kwenye maombi. Kwa hiyo mkiniona nasoma huku najitikisa, msidhani ni woga.

TULIVYOANZA

Sisi ni wakulima wa mahindi na mihogo, na wengi wetu ni bibi. Tulikuwa tunakaa na ugonjwa wa michirizi ya kahawia bila kujua tunakaa na nani. Ubaya wake ni kwamba hauji na kelele. Unaona shina limesimama, majani yako sawa, labda yana manjano kidogo ambayo wewe unasema ni jua. Siku ya kuchimba ndiyo unakata mzizi unakuta ndani umeoza, una mistari ya kahawia, mkavu kama kizibo. Mwaka mzima umelima kuni.

Kituo kilipoleta hadubini hii, mtaalamu wetu alikuja Mshangano kuomba majani. Tukachuma yale mazuri, tukatia kwenye mfuko, tukampelekea. Akatushukuru sana. Kesho yake akarudi, akakaa kwenye mkeka, tukajua kuna jambo.

“Mama zangu, majani mliyonipa yamekufa.”

“Yamekufa? Mbona mabichi?” akasema Mama Monika.

“Mabichi kwa macho yako. Ndani yameanza kufa tangu mlipoyachuma. Mimi nataka kuona jani linaishi, linapigana na ugonjwa. Nataka jani ambalo halijui kama limetoka shambani.”

Basi tukaanza kupanda mihogo kwenye viriba vyenye udongo, ili mmea uje mzima na mizizi yake. Shida ikawa kuuleta. Tukiweka kichwani, upepo unachana majani na jua linayachoma. Tukipanda bodaboda, mmea unafika umevunjika shingo. Mama Monika ndiye aliyechukua kanga, akakifunga kiriba mgongoni kama unavyomfunga mtoto, majani yakalala begani kwake, juu akafunika kitambaa chenye maji. Akatembea polepole kutoka shambani hadi kituoni, na jani likafika halijui kitu.

Kuanzia hapo wote tukabeba hivyo. Mngetuona, msururu wa bibi wana miche mgongoni. Polikarp, dereva wa bodaboda wa Bombambili, alikuwa anatufuata nyuma taratibu, pikipiki inanguruma.

“Shikamooni bibi zangu. Huyo mtoto mbona ana majani?”

“Marahaba. Kamfuata baba yake,” akajibu Mama Monika.

“Pandeni basi niwasogeze.”

“Wewe na mashimo yako utamtapisha.”

“Jamani! Mnabembeleza kisamvu!”

Neno hilo likatangulia kufika sokoni kabla yetu. Mpaka leo tukipita Lizaboni watu wanatuuliza kama kisamvu kimelala. Hatukasiriki. Tunasema kimelala, msikiamshe.

Lipo na kosa tulilolifanya kikundi kizima kwa mapenzi. Kwetu huku huwezi kumpa mgeni kitu kina vumbi. Hata kama ni yai, utalipangusa. Sasa barabara ya Mshangano mnaijua ilivyo kiangazi. Kwa hiyo kabla ya kuingia kituoni tulikuwa tunakaa kwenye ngazi, tunayapangusa majani moja moja kwa kanga safi, iliyofuliwa vizuri kwa sabuni ya unga na kunyooshwa. Mtaalamu wetu akawasha mwanga wa zambarau ili aangalie. Akabadilisha kioo cha mashine, akaangalia tena. Mwishoni akatoka mlangoni.

“Bibi, nani ameyafua majani?”

Kumbe ile dawa iliyomo kwenye sabuni, inayofanya shati jeupe ling'ae, ndiyo inayong'aa bluu ikimulikwa. Jani zima lilikuwa linang'aa bluu, na nyuzi za kanga zimelala juu yake kama umeme. Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akatuita mmoja mmoja tukaangalie usafi wetu. Tangu siku hiyo majani yanaoshwa kwa maji ya mvua tu, asubuhi, na mgeni anayapokea na vumbi lake la njiani.

KIOO CHENYEWE

Mgeni rasmi, wewe ni msomi, haya unayajua. Lakini hapa wamekaa majirani ambao hawajui kwa nini bibi zao wanalilia kipande cha kioo, kwa hiyo tuvumilie kidogo tuwaeleze walivyotueleza.

Mmea ulikuwa unakaa kwenye stuli pembeni ya mashine, jani moja limenyooshwa mezani, kama mgonjwa anayepimwa presha. Mtaalamu wetu anadondoshea jani dawa kidogo. Dawa hiyo ikiingia kwenye seli, yaani vile vyumba vidogo sana ambavyo jani limejengwa navyo, na seli ikawa hai, inaigeuza. Na ikishageuzwa, ukiimulika kwa leza ya bluu inawaka kijani. Seli iliyokufa haina nguvu ya kuigeuza, inabaki giza. Ukiangalia pembeni ya mahali ugonjwa ulipoingia, unaona wazi walio hai wamefika wapi na waliokufa wameanzia wapi.

Ingekuwa ni hivyo tu, tusingehitaji kioo. Lakini jani nalo lina mwanga wake. Ule ukijani wake wa kila siku, ukimulikwa na leza, unarudisha nyekundu, nyekundu kali ya kaa la moto, na ni nyingi kuliko kijani cha dawa. Bluu ya leza nayo inadunda inarudi. Vyote vinatoka kwenye jani kwa pamoja.

“Sasa hapo utaona nini?” Mama Monika akauliza.

“Huoni kitu, mama. Unaona mwanga tu.”

Mashine ina tundu dogo mno linalokataa mwanga wa tabaka za juu na za chini, linachukua wa tabaka moja, nukta kwa nukta, mpaka picha ijae kwenye kompyuta. Lakini tundu halijui rangi. Anayejua rangi ni kioo. Kinakaa kwenye njia ya kutokea, kabla mwanga haujafika kwenye jicho la mashine, na kinapitisha kijani peke yake. Bluu inarudishwa, nyekundu inarudishwa. Ni kidogo, kinaenea kwenye kiganja cha mtoto. Mtaalamu wetu alinishikisha kwa pembeni, akasema usiguse uso wake, nikakielekeza dirishani, na Songea yote ikawa kijani.

Wenzangu walitikisa kichwa wameelewa. Mimi nilikuwa bado. Akaniona.

“Bibi, Jumapili kwaya ikiimba, sauti yangu unaisikia?”

“Naisikia.”

“Unaisikiaje, na tuko wengi vile? Na Mama Noela anavyopaza?”

“Mimi hao wengine siwasikilizi.”

“Basi kioo hiki kinafanya kama wewe.”

Nikamwambia ungesema hivyo tangu mwanzo, umenisumbua na leza asubuhi nzima.

Halafu akatuonyesha. Kwenye kompyuta palikuwa peusi, kisha kijani kikaanza kuja mstari kwa mstari. Vyumba vya jani vina kingo za mawimbi, vimeshikana kama vidole vya watu wanaosalimiana kwa mikono miwili. Kulikuwa na midomo midogo ya kupumulia, mingine imefunguka. Akasogeza karibu, na ndani ya chumba kimoja tukaona vitu vidogo vinatembea, vinazunguka pembeni ya ukuta, vinakwenda na kurudi. Mama Monika akasema, “Jamani, kinatembea.” Ni muhogo ambao alikuwa ameubeba mgongoni asubuhi ile ile.

MAFANIKIO

Tumeelewana na mmea. Hilo tunalitaja la kwanza.

La pili, kuna mbegu ya zamani ambayo hapa tunaiita Nyekundu ya Mshangano, kwa sababu ya vikonyo vyake. Vijana walikuwa wameiacha, wanasema ni ya kimaskini, inachelewa. Tuliileta kwenye mashine pamoja na nyingine nne. Kwenye zile nyingine, giza lilikuwa linaenea kutoka kwenye doa la ugonjwa kila tulipozirudisha. Kwenye Nyekundu, giza lilifika mahali likasimama, na seli za pembeni yake zikabaki zinawaka. Mtaalamu wetu aliirudia na kuirudia, mvua na kiangazi, mpaka akaamini macho yake. Pingili zake tumezigawa kwa majirani, na wanaolima Namtumbo nao wamekuja kuchukua. Ndiyo hiyo iliyoko kwenye sufuria.

La tatu, Polikarp sasa akitukuta njiani anazima pikipiki, anaisukuma kwa mkono mpaka tupite, ili asitupulizie vumbi. Kwa mdomo bado anatutania. Lakini anasukuma.

Na picha moja ya yale majani ya kijani tulichapishiwa. Iko ukutani kwangu, chini ya Bikira Maria. Ester akiamka anaionyesha kwa kidole na kusema “mama”. Tumemwambia hilo ni jani. Anasema mama.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, hapa Mama Monika aliniambia nisome haraka. Nitajitahidi.

Masika iliyopita ilikuwa ndefu. Mashine ya kukausha hewa mle chumbani iliharibika, ikakaa ikisubiri fundi, na unyevu ukaingia. Mkeka ulioza, ukungu ukaota mlangoni, na kumbe ulikuwa unaota na kwenye kioo. Mtaalamu wetu alipokitoa akakuta uso wake una matawi meupe membamba kama mizizi ya majani ya maji. Ukungu ulikuwa umekula ule utando wenyewe unaochagua rangi. Hausuguliwi ukatoka. Alikiweka kwenye kitambaa, akakitazama muda mrefu, kisha akanipa nikitazame na mimi. Nikakielekeza dirishani. Nje palikuwa na ukungu wa kijani, huoni hata mti.

Akajaribu kioo kingine kilichokuwepo, chenye njia pana. Kikaruhusu nyekundu ipite. Jani lote likawa makaa, na kijani kimo ndani yake lakini hukioni. Akasema aongeze nguvu ya leza, labda kijani kitajitokeza. Akaongeza kidogo. Tukakiona, kweli, chembamba. Akaongeza tena. Na tukiwa tumesimama nyuma yake, kile chumba tulichokuwa tunakitazama kikazima. Halafu cha jirani yake. Vile vitu vilivyokuwa vinatembea vikasimama.

“Nimeliunguza,” akasema.

Mwanga mwingi unaua jani lililo hai, mgeni rasmi. Ndiyo maana inabidi uliangalie kwa mwanga mdogo, kama unavyomchungulia mtoto aliyelala bila kumwashia tochi usoni. Na ukitumia mwanga mdogo, kile kijani kidogo kinachorudi usikipoteze hata chembe. Kazi hiyo ni ya kioo. Asiye na kioo ana mambo mawili: asione, au aone kwa kuua. Mtaalamu wetu akaizima mashine, akaifunika na kitenge chake mwenyewe, na kitenge hicho bado kipo. Kile cha bluu chenye ndege, mtakiona mkiingia.

Mashine ikikaa haifanyi kazi, na mwendeshaji wake anaonekana hana kazi. Akahamishiwa kwa muda kwenye kituo cha Kanda ya Ziwa, akaambiwa kioo kikifika anarudi. Alikuja nyumbani jioni hiyo, akakaa jikoni, Ester yuko magotini kwake anajifunza kusimama.

“Bibi, nimchukue?”

“Mtoto ni wako.”

“Nikimchukua atazoea kule, halafu nije nimng'oe tena. Wewe unajua mche ukihamishwa mara mbili unavyodumaa. Kaa naye. Kioo kikija, nakuja.”

Nikasema sawa. Hakuna aliyejua kwamba kioo kinachelewa kuliko mtoto anavyokua. Alimwacha anashika ukuta. Sasa anakimbia, na anapanda kwenye stuli, na amejifunza kusema hapana. Jumapili baada ya misa mama yake anapiga simu ya picha. Ester akimwona anacheka, anamwonyesha kiatu, halafu anaigeuza simu kuangalia nyuma yake. Kila Jumapili anaigeuza. Hajachoka.

Na miche yetu ya kwenye viriba hatukuiacha. Tuliendelea kuimwagilia tukisema wiki ijayo. Imekua, mizizi imepasua viriba na kuingia ardhini hapo nje ya dirisha, na majani yamefika kwenye paa. Hakuna mgongo wa kuibeba tena. Kila Ijumaa tunakuja kufagia chumba, tunakunja kitenge, tunapangusa meza, tunakirudisha kitenge. Mgongo wangu uliokuwa unaleta muhogo hapa sasa unamleta Ester. Anapenda chumba hiki. Ananusa kile kitenge.

Tumesikia pia, na tunaomba radhi kama tumesikia vibaya, kwamba mgeni rasmi umekuja kuiona mashine kabla haijahamishiwa kituo kikubwa Dar es Salaam. Mashine ikiondoka, mtaalamu wetu hana kitu cha kurudia huku. Kikazi, tunamaanisha.

MAOMBI

Ombi la kwanza ni kioo. Kinachopitisha kijani na kurudisha bluu na nyekundu, cha kukaa kwenye njia ya kutokea, cha kipimo cha mashine hii. Kije na kopo lake la vile vijiwe vya kukausha unyevu, ili masika isikile tena. Tutavibadilisha sisi wenyewe kila vikilowa, kazi hiyo mtuachie. Polikarp ameahidi kwamba siku kitakapofika stendi atakifuata, na ataendesha polepole kuliko alivyowahi kuendesha. Mama Monika amesema haiwezekani, kioo kitabebwa mgongoni. Hilo bado wanabishana, lakini mgeni rasmi ujue wapokeaji wapo.

Ombi la pili, mashine isiondoke. Hatusemi kwa wivu. Dar es Salaam wana vioo vingi na wataalamu wengi, tunajua. Ila jani lililo hai halipandi basi. Tulijaribu mara moja kwa ombi la wakubwa, tukapakia miche mitatu iliyofungwa vizuri, na tukaambiwa ilipofika Makambako ilikuwa imeinamisha vichwa, na ilipofika kule ikawa ni mboga. Ugonjwa uko kwenye mashamba ya huku, na mihogo inayoushinda iko huku. Mashine ikienda mbali itaonyeshwa maiti, na maiti haina kijani. Jicho likae karibu na jani.

Ombi la tatu kamati ililikata. Walisema maombi mawili yanatosha kwa risala moja, na la tatu si la kikundi. Nikakubali. Kwa hiyo hatulisomi.

MWISHO

Mgeni rasmi, Mama Monika amekaa nyuma yangu, na kazi yake ni kunigusa bega Ester akishalala. Akinigusa nitashusha sauti, na nyinyi wa nyuma mtanisamehe, sogeeni.

Jana jioni nilipokuwa namalizia kuandika, huyo huyo Mama Monika alikuja kuomba chumvi. Chumvi anayo, nilimwona akinunua. Akasimama mlangoni, akamwangalia Ester aliyekuwa anaonyesha picha ya ukutani, akasema, “Notburga, ile mara ya pili nimekupa. Itumie unapotaka.”

Nimefikiri sana niiweke wapi. Kwenye maombi isingefaa, tulishakubaliana. Nimeiweka hapa, peke yake, wala siombi kitu kwayo.

Hilda.

Mgeni rasmi, Mungu akurudishe salama kwenye milima ile, akuondolee malori na utelezi. Ukifika nyumbani kwako ukute kila mmoja yupo, na ukizima taa ujue kila mtu wa nyumba yako amelala chini ya paa lako. Akubariki wewe na ofisi yako, na mikono itakayokifungasha kioo.

Tunaomba msitupigie makofi. Pungeni mikono tu, tutaona. Nimeguswa bega.

Ni sisi, Kikundi cha Jani Bichi, Mshangano, Songea. Amelala.